Mualimu Siku Sita

Ukimwambia mtu wa Bukavu kwamba unafanya jimnastiki, atakuuliza: "Ya masomo?" Kwetu jimnastiki ni ile saa moja ya shule, wanafunzi wanazunguka uwanja mara mbili, mualimu anapiga filimbi, halafu wote wanaingia darasani wakinuka jasho. Mimi nilifanya ile nyingine, ya kujirusha na kujipindua, kwa miaka kumi na miwili, na katikati ya miaka hiyo barua ikatoka Kinshasa ikiniita "athlète d'élite". Maman aliniomba nimtafsirie. Nikamwambia maana yake ni mtu wa juu. Akaniangalia, bandeji kwenye mkono, plasta kwenye goti, mgongo umepakwa dawa ya moto iliyonuka nyumba nzima, akasema: "Wa juu gani huyu mwenye kuanguka kila siku?"

Mazoezi yetu yalikuwa katika ukumbi wa parokia, upande wa Kadutu, na ukumbi huo ulikuwa na wenyewe wengi. Jumanne ulikuwa wa kwaya, Jumamosi wa harusi, na sisi tulipewa siku zilizobaki kwa sharti la kufagia. Magodoro ya kuangukia tuliyashona wenyewe ndani ya turubai la lori. Kinshasa wana poda yao nyeupe ya kupaka mikononi ili usiteleze. Sisi tulisaga chaki za shule, na chaki zikikosekana tulichota unga wa muhogo nyumbani, mpaka maman watatu wakaja kulalamika kwamba mchezo wetu unakula bugali ya watoto. Poutre, ule mti mwembamba wa kutembelea na kupindukia juu yake, ilichongwa na seremala kutoka mukaratusi mmoja, kwa kufuata picha. Nilipofika Kinshasa mara ya kwanza na kupanda poutre ya kweli, nilishangaa kuona ilivyo pana. Yetu ilipungua vidole viwili, na miaka yote ile nilikuwa natembea juu ya kosa la seremala bila kujua.

Mwenye kuanzisha haya yote alikuwa mualimu wetu. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufundisha ile jimnastiki ya filimbi katika shule ya sekondari. Hii nyingine aliifanya kwa mapenzi, yaani bure. Alikuwa amesoma kwa mapadri, alivaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa uzi, na miezi mitatu ya kwanza hakutufundisha kitu chochote isipokuwa kuanguka. Kwa bega, kwa mgongo, kwa makalio. "Mwenye kujua kuanguka hawezi kuvunjika," alisema, na aliyarudia maneno hayo kiasi kwamba tulidhani yametoka katika Biblia.

Mwili wangu haukuisoma Biblia hiyo. Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu kifundo cha mkono kilitoka mahali pake, na maman akanipeleka Mudaka kwa maman mmoja anayerudisha mifupa. Yule maman alinikaribisha kitini, akanishika mkono kwa upole, akaniuliza niko darasa la ngapi. Nilipofungua mdomo kujibu, akavuta. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wake wakakimbia. "Umeona?" akamwambia maman. "Hata swali hajajibu, mukono umesharudi." Mkono ulipona vizuri kabisa, lakini mpaka leo mtu akiniuliza habari za masomo yangu nauficha mgongoni. Baada ya mkono ilikuwa vidole, baada ya vidole goti, baada ya goti mgongo. Majirani walizoea kunisalimia kwa pole badala ya jambo. Hata siku nilizokuwa mzima walisema pole, na mimi nilijibu aksanti.

Haya yote yalikuwa madogo. Kubwa lilikuja mwaka nilipotimiza miaka kumi na saba. Mashindano ya taifa yalikuwa wiki nne mbele yetu, na wale ambao wangefanya vizuri Kinshasa wangechaguliwa kwenda kushindana nje ya nchi. Kwa mkoa wetu ilikuwepo tiketi ya ndege ya msichana mmoja tu, na mualimu mmoja wa kumsindikiza. Msichana huyo alikuwa mimi. Nyuma yangu alikuwepo mwingine, hodari sana, mzima sana, ambaye kila siku aliniombea nisiumie, kwa sauti ya juu kidogo. Nilijua kwamba nikikosa ndege ile, mwaka utakaofuata nitakuwa nimepita umri wa kupelekwa nje, na jina litakaloandikwa ni lake.

Tiketi ilitoka kwa muheshimiwa mmoja ambaye kwanza alitaka kuona huo mchezo kwa macho yake. Akaalikwa ukumbini. Alichelewa saa tatu. Sisi tulipasha mwili joto, ukapoa, tukaupasha tena, ukapoa tena, mpaka alipoingia na watu wake na simu sikioni tukaambiwa: "Haya, muanze!" Nikapanda poutre. Nilifanya yote bila kutikisika, na mwisho nikaruka kwa kujipindua hewani, nikatua. Magodoro mawili yalikuwa yameachana, na mguu wangu wa kushoto ukaingia katikati. Nilisikia kitu kinakatika ndani ya kifundo. Nikabaki nimelala chali, sina sauti, na ukumbi wote ukanyamaza. Muheshimiwa alishusha simu, akaona kimya kile, akadhani ndiyo mwisho wa mchezo. Akasimama kupiga makofi, na watu wake wote wakasimama.

"Bravo!" akasema. "Hapo mwisho, pa kulala, nimependa sana."

Tiketi ikatolewa siku ile ile.

Maman alinipeleka hospitali kwa moto, ndiyo pikipiki, sisi watatu pamoja na dereva, mguu umening'inia upande. Daktari alikuwa kijana, amechoka, nje kuna watu wamejaa korido. Aliubonyeza mguu, akauzungusha, akaufunga bandeji ngumu, akaandika karatasi huku amesimama. "Repos absolu," akasema, na muuguzi akamwita mbio kwa mtu anayetoka damu. Hatukumwona tena siku ile.

Karatasi ile naikumbuka kuliko picha ya komunyo yangu. Juu palikuwa na dawa: kidonge kimoja mara tatu, 10 j. Chini yake: Repos, 6 s. Basi.

Madaktari wetu wanaandika Kifaransa cha kukatakata. Repos ni kupumzika. J ni jours, ndiyo siku. S ni semaines, ndiyo wiki. Mimi nilikuwa wa kwanza kwa Kifaransa katika darasa langu. Mwaka uliotangulia nilipewa zawadi ya dictionnaire, kamusi nene, mbele ya wazazi wote, na maman alipiga vigelegele mpaka directeur wa shule akamwomba akae. Kwa hiyo pale kwenye benchi ya korido nilisoma mara moja na nikaelewa mara moja. Wiki sita za kutokanyaga. Ndege inaondoka baada ya wiki nne.

Sikusema kitu. Maman anasoma Kiswahili, tena vizuri, lakini Kifaransa kinamshinda, na mimi hakunipa nafasi. "Weye iko mugonjwa," alisema, akaikunja karatasi na kuiingiza kifuani. "Mugonjwa hasome karatasi yake." Akatuma watu kumwita mualimu.

Mualimu alifika jioni, akapewa kiti na chai. Kwetu kusoma karatasi ya daktari ni kazi ya heshima, haifanywi kwa haraka. Alifuta miwani kwa shati, akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango, akasoma kwa sauti.

"Dawa, kidonge moja mara tatu, siku kumi." Akajikuna shingo. "Repos... siku sita."

"Siku sita?" Maman alishika kichwa kwa furaha. "Yesu Maria! Mungu aliumba dunia muzima kwa siku sita. Kaguu ka mutoto moja kamushinde?"

Nilikuwa na mdomo. Dictionnaire ilikuwa kwenye kabati nyuma ya kichwa cha mualimu, na jalada lake jekundu nililiona kutoka pale nilipokaa. Daktari gani anaandika siku kwa Kifaransa mstari wa juu, halafu mstari wa chini anaandika siku kwa Kiswahili? Swali hilo lilinijia lote, limekamilika, na mimi nikalimeza pamoja na chai. Nikasema: "Aksanti, mualimu." Sitadanganya hapa: nilifurahi. Nilifurahi mpaka mguu ukapunguza kuuma.

Mungu siku ya saba alipumzika. Mimi siku ya saba nilirudi kazini. Mualimu alinifunga mguu yeye mwenyewe, kwa kitambaa kilichokatwa kutoka shuka, akiangalia kitambaa tu.

"Inauma?"

"Hapana."

"Muzuri."

Hakuuliza mara ya pili. Kila siku niliumia, na kila siku nilijiambia kwamba kesho itakuwa afadhali, na kesho yake nilikunywa vidonge viwili badala ya kimoja. Yule msichana wa pili alinitazama nikishuka ngazi za ukumbi kwa upande upande, akaacha kuniombea.

Kinshasa nilifanya poutre vizuri, kwa sababu poutre ya huko, nimeshasema, ni barabara. Kisha ikaja zamu ya sol, lile zulia kubwa ambapo unakimbia na kujipindua kutoka kona mpaka kona. Kona ya kwanza ilipita. Kona ya pili nilikimbia, nikasukuma kwa mguu wa kushoto, na sauti iliyotoka ilisikika mpaka meza ya majaji. Pa! Nikaanguka. Nilianguka vizuri sana, bega, mgongo, kama nilivyofundishwa, hakuna sehemu nyingine iliyoumia hata kidogo. Mualimu alikimbia juu ya zulia na viatu vyake vya vumbi, jambo lisiloruhusiwa, na jaji mmoja akampigia kengele. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Tulirudi Bukavu na mguu ndani ya plasta, na daktari aliyetupokea alikuwa yule yule kijana. Alitazama picha ya mifupa, akatazama karatasi yake ya zamani ambayo maman alikuwa ameihifadhi ndani ya misale, na uso wake ukabadilika.

"Niliandika semaines sita," akasema. "Semaines! Nani aliwaambia siku?"

Maman aligeuka polepole. "Papa mualimu. Ulisoma nini?"

Mualimu alivua miwani. Alikuwa amesimama karibu na dirisha na kofia yake mkononi. "Ni mimi, docteur," akasema. "Nilisoma mubaya."

Hapo pia nilikuwa na mdomo. Nilikuwa nimelala kitandani, na juu yangu dari ilikuwa na doa la maji ya mvua, kubwa, lenye kona nne. Nililiangalia doa lile kwa bidii mpaka wote watatu wakatoka chumbani.

Maman hakumtukana mualimu. Alifanya kibaya zaidi: alisimulia sokoni Nyawera. Kufika Jumapili mualimu alikuwa na jina jipya. Siku Sita. Watoto waliliimba nyuma yake akipanda kilima. Wauza tomati walimwuliza kama tomati zao zitakaa siku sita ao semaine. Shuleni, directeur alianza kumpa mtu mwingine matangazo ya kusoma mbele ya bendera, eti kwa kumpumzisha. Yeye alicheka pamoja nao. Hakuna hata mmoja aliyemsikia akisema kwamba karatasi ilikuwa imeandikwa vibaya, ao kwamba mtoto mwenyewe alikuwa wa kwanza kwa Kifaransa. Maman hata hakulifikiria. Dictionnaire aliipangusa vumbi kila Jumamosi akairudisha kwenye kabati.

Nilipasuliwa, nikawekwa chuma na skurubu mbili. Kupona katika mji huu ni kazi, kwa sababu Bukavu hakuna mahali palipo sawa. Ukitoka nyumbani unashuka, ukirudi unapanda, na mvua ikinyesha huchagui. Miezi mitatu nilitembea kwa magongo. Wa kunyosha viungo wa hospitali alinipa mazoezi ya kuvuta mpira kwa vidole vya mguu; maman aliongeza yake, beseni la maji ya moto na chumvi, kisha beseni la maharagi makavu nikanyage humo nusu saa huku nikisali rozari. Maharagi hayo baadaye tuliyala, na yalikuwa matamu. Kaka wa maman aliyeishi kisiwani Idjwi alituma ujumbe kwamba mguu uletwe usuguliwe kwa mafuta ya huko. Maman akajibu kwamba mguu ukienda, mwenye mguu lazima aende pia, na mwenye mguu ana shule.

Na mualimu alikuja. Kila siku, baada ya kazi, alisimama chini ya ngazi za nyumba yetu na kunihesabia. Ngazi zile ni arobaini na moja. Siku ya kwanza nilipanda tano, nikakaa nikalia. Yeye alikaa ngazi moja chini yangu, hakunibembeleza, akasema: "Kujikwaa si kuanguka." Nikamjibu kwa hasira kwamba mimi sikujikwaa, nilianguka, Kinshasa yote iliona. Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Nilimpenda siku ile, na siku ile ile nilitaka kumwambia. Watoto wa jirani wakapita wakaimba Siku Sita, Siku Sita, yeye akawapungia mkono, na mimi nikaona afadhali kesho.

Ilichukua mwaka na miezi miwili. Nilirudi Kinshasa, kwa poutre peke yake, nikapata nafasi ya tatu. Nje ya nchi alikwenda yule msichana wa pili, ambaye alirudi na shanga, na picha, na goti limefungwa bandeji. Karibu na jukwaa mualimu alilia wazi wazi, akashika medali yangu akasema: "Mimi ndiye nilikunyanganya ya kwanza." Nikafungua mdomo. Mtu wa redio akasogeza kinasa sauti, akataka niseme namna gani nimepona. Nikasema ni kwa neema ya Mungu na maombi ya maman.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka kumi na mitatu na bado naitembea, tena kwa kuchechemea. Niliacha kushindana nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, mguu ukawa unatabiri mvua vizuri kuliko redio, na mualimu akaniomba nimsaidie kufundisha wadogo. Mpaka leo nafundisha katika ukumbi ule ule, kwa poutre mpya ambayo seremala mpya ameipunguza upande mwingine. Msichana akileta karatasi ya daktari, mualimu hakuigusa. "Peleka kwa mwenye macho," alisema, na wasichana waliinamisha vichwa ili kuficha kicheko. Mwenye macho nilikuwa mimi. Nilisoma kila karatasi neno kwa neno, kwa lugha mbili, mara mbili, na wazazi walinisifu kwa uangalifu wangu.

Msimu wa mvua uliopita, mualimu alianguka. Alikuwa anashuka kwenda misa ya kwanza, udongo ukamteleza, na mtu aliyetufundisha kuanguka kwa bega na kwa mgongo akaanguka kwa nyonga, kama gunia la makaa. Nilipopata habari nilikaa chini. Nilijiuliza: na huyu akifa na lile jina? Watamzika na Siku Sita, mtu atacheka kaburini, na mimi nitakuwa pale na ua mkononi. Nikaapa kwamba nitamwambia. Nikanunua sukari na ndizi, nikapanda kilima nikipanga maneno. "Mualimu, ile karatasi yangu, mimi nilijua." Maneno sita tu. Niliyasema njia nzima, mpaka mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki sambaza akaniuliza kama niko mzima.

Mke wake alinipokea, akanipeleka chumbani, akarudi jikoni. Mualimu alikuwa amelala na mto chini ya magoti, mdogo kuliko nilivyomzoea, miwani yake bado ina uzi. Tulisalimiana, tukacheka kidogo juu ya kuanguka kwake. Nikasema, "Mualimu," na yeye akaninyoshea karatasi iliyokuwa mezani.

"Nisomee."

"Repos, 8 s."

"Iko nini?"

"Semaines nane, mualimu."

"Na kwa dawa, pale juu?"

"7 j. Siku saba."

"Eh." Akaiangalia dari. "Hata kwa yako ilikuwa hivi. Kulikuwa j pale juu. Niliiona."

Nilibaki nimeshika karatasi.

"Nilisoma kwa mapadri miaka sita, mama," akasema. "Nilijua s iko nini. Nilijua mbele ya kufungua mudomo. Miaka yote nafagia ukumbi ule, nilikuwa na mutoto moja tu mwenye angefika. Moja! Nikasema, acha tujaribu, siku sita, Mungu iko. Kisha ulivunjika." Alifuta macho kwa shuka. "Batu waliponiita mujinga nilishukuru. Mujinga banamucheka tu. Mutu mwenye alijua, na akafanya, bangemuita nani?"

Hasira ilinipanda kutoka kwenye kile kifundo mpaka kichwani. Haki ya Mungu, sikuwahi kukasirika hivyo maishani. Nikasimama. "Nilikuwa na miaka kumi na saba!" nilipiga kelele, katika chumba cha mgonjwa. "Weye ulikuwa mukubwa! Ulikuwa mualimu! Maman alikuita weye kwa sababu alikuamini! Ungesema neno moja tu, mualimu, neno moja!" Kila neno lilikuwa kweli. Ningeweza kuyasema mbele ya askofu. Nilimwona mzee yule analia kimya kimya bila kujitetea, na ndani ya kelele zangu nikaanza kusikia neno moja, neno moja, na sauti ilikuwa yangu.

"Ni kweli," akasema. "Ulikuwa mutoto. Ungejua nini weye?"

Akaningojea. Alikuwa amenifungulia mlango mzima, na maneno yangu sita yalikuwa tayari, niliyapanga kilima kizima. Nilimwangalia. Nikakaa, nikamshika mkono.

"Nimekusamehe, mualimu," nikasema.

Nilisema kwa sauti nzuri, ya kanisani. Alinibusu mkono, mimi, akasema sasa anaweza hata kufa, na mke wake aliyekuja na chai alitukuta hivyo akaanza kulia naye. Tukanywa chai. Ilikuwa na tangawizi nyingi.

Mke wake alinisindikiza mpaka mlangoni na kunishukuru. Alisema mume wake hajalala vizuri miaka mingi. Nikamwambia nitarudi, kuko kitu nilisahau kumwambia.

"Lini, mama?"

"Kisha siku mbili."

"Siku, ao semaines?" akauliza, kwa sababu katika nyumba ile watu walishajifunza kuuliza.

"Siku, maman. Siku mbili."

Leo ni wiki ya tatu.